Kilemba Kimoja, Wajuzi Watatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hata aliyenisimulia mimi alikuwa amechoka kuhesabu, palikuwa na mji wa mawe. Nyumba zake zilisongamana, na vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata punda wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Kaeni vizuri. Wewe huko ukutani, usisinzie, maana mwishoni nitakuuliza wewe kwanza. Hadithi hii siipendi sana. Kila niisimuliapo watu wazima hugombana na chai hupoa.

Katika mji huo binti akiolewa haondoki kwao. Mume ndiye ahamaye. Huja na sanduku lake na mkeka wake, akapokewa ndani ya nyumba ya mkewe. Kwa hiyo mwenye binti lazima aongeze chumba juu ya nyumba. Mwenye binti mmoja chumba kimoja, mwenye mabinti wanne vyumba vinne, na walikuwapo waliojenga mpaka kunguru wakaona kizunguzungu.

Sasa chumba hakiongezwi hivi hivi. Kabla ya jiwe la kwanza huitwa mjuzi. Waashi hulipwa kwa siku, jioni kwa jioni, na hao hawana maneno. Mjuzi halipwi hivyo. Ada ya mjuzi ni kilemba. Siku boriti ya kwanza inapopandishwa, mwenye nyumba hufunga kilemba kwenye ile boriti, na mjuzi aliyekisimamisha chumba hukifungua akajivika mbele ya watu. Kilemba kimoja, kichwa kimoja. Hakikatwi, kwani walisema kikikatwa kilemba, na ndoa ya chumba hicho hukatika. Na mpaka kilemba kipate mwenyewe, boriti haipandi.

Mmeshika hapo? Haya. Sasa lisikieni lile baya. Watu wa mji ule walikuwa na haya mahali pasipotakiwa haya. Samaki mmoja wa kukaanga waliweza kumgombea bei tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakaapa, wakaondoka, wakarudi. Lakini mjuzi akibisha mlangoni, kumuuliza, "Ada yako ni nini, na kwa kazi ipi, na nikimwita mwingine itakuwaje?" ilikuwa aibu kubwa. Mwenye nyumba alisema neno moja tu, "Kilemba ni chako, fundi." Na mjuzi alijibu neno moja tu, "Tuyaache hayo, mama. Kazi kwanza." Basi, hayo ndiyo makubaliano yote. Nyumba nyingi zilihitaji mjuzi mmoja, kwa hiyo mambo yalikwenda.

Nyumba ya Bi Tima ilihitaji watatu.

Bi Tima alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Shee, alimwachia nyumba kuukuu, binti mmoja aitwaye Mwanaheri, na kilemba cha hariri ya Maskati alichokivaa siku ya harusi yao. Mengine yaliliwa na ugonjwa. Bi Tima alishona kofia za mkono, tundu moja baada ya tundu, na kwa kofia hizo walikula. Kilemba hakukigusa. Bwana Shee alimwambia kabla ya kufa, "Mke wangu, hicho ndicho chumba cha Mwanaheri."

Mwanaheri aliposwa na Lali, mfua fedha, kijana mpole. Mwaka wa kwanza chumba hakikujengwa. Mwaka wa pili chumba hakikujengwa. Mwaka wa tatu mama yake Lali, Bi Mize, alikuja, akanywa kahawa, akaweka kikombe chini, akasema:

"Bi Tima, nakuheshimu. Lakini mwanangu si jiwe la kufungia mashua, akae hapo miaka. Mwezi wa Shaaban ukiandama nami sijaona boriti juu ya dari yako, iko posa nyingine. Usinichukie, dada."

"Sikuchukii, dada," akasema Bi Tima. Mgeni alipotoka, Bi Tima alikaa kitako palepale. Alikuwa na miezi miwili. Akachoka, akachukua sindano, akashona.

Akaenda kumwita Fundi Shekuwe, mchoraji.

"Hodi."

"Karibu, fundi. Kilemba ni chako."

"Tuyaache hayo, mama. Kazi kwanza."

Fundi Shekuwe hakuchora kwenye ngozi wala karatasi. Alipanda juu ya dari na fungu la makaa, akachora chumba chenyewe, ukubwa wake uleule, sakafuni. Kazi hiyo ilimchukua siku nane. Siku nane alikula pale, asubuhi mkate wa mofa, mchana wali kwa samaki wa kupaka, na alikuwa mtu anayependa utandu, ule ukoko wa chini ya chungu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema wenzetu. Lakini mjuzi utampa jembe gani? Bi Tima alishona kofia mbili zaidi.

Mwanzoni Mwanaheri hakutaka hata kupanda kutazama. Miaka mitatu ya kungoja ilikuwa imemkausha. Fundi Shekuwe akamwita kwa upole, "Mwanangu, njoo uniambie, kitanda chako utakitaka wapi?"

"Popote, fundi."

"Hapana popote. Jua la asubuhi likupige usoni, au lisikupige?"

Mwanaheri akafikiri. "Lisinipige," akasema.

Fundi akafuta mstari, akachora mwingine. Siku ya tano Mwanaheri alivua viatu mlangoni, mlango wa makaa, akaingia ndani ya chumba kisicho na kuta, akakaa mahali pa kitanda kisichokuwapo, akaelekeza uso kwenye dirisha ambalo lingeleta upepo. Akacheka. Bi Tima alikuwa chini jikoni, akasikia kicheko cha mwanawe kupitia darini, na mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Alikuwa amekisahau kicheko hicho. Alilia kidogo, kisha akaendelea kukoroga.

Chumba kikawa tayari kwa makaa. Lakini jirani mmoja wa kike, mwenye macho, alimwambia Bi Tima, "Kabla hujapandisha mawe, mwite mtu wa kuta. Nyumba yako ni kuukuu." Bi Tima akaenda kumwita Athmani Kombo, mjuzi wa kuta.

"Hodi."

"Karibu, fundi. Kilemba ni chako."

Mnamsikia? Mara ya pili. Ulimi wake ulishazoea adabu, ukasema wenyewe kama usemavyo "karibu chakula" kwa mpita njia huku chungu hakina kitu.

"Tuyaache hayo, mama. Kazi kwanza."

Athmani Kombo alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiye na mazungumzo. Hakula. Hakunywa hata maji. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akachukua jiwe dogo, akawa anagonga ukuta na kutega sikio, anagonga na kutega sikio. Alipofika ukuta wa kibla aligonga mara moja, akaweka jiwe chini.

"Ukuta huu umekufa," akasema. "Umesimama kwa mazoea tu. Ukipandisha chumba juu yake, hakitapita mvua za masika mawili. Kitashuka na waliomo."

Akapanda darini, akatazama chumba cha makaa, mlango na kitanda na dirisha. Akaomba ndoo ya maji. Akamwaga. Akachukua ufagio, akasugua. Mwanaheri alikuwa amesimama palepale, akaona chumba chake kinakwenda kwenye mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya darini, maji meusi, kikadondoka kichochoroni. Akashuka ngazi bila neno, na baada ya kitambo wakamsikia analia.

Athmani Kombo alikuwa ameshafika mlangoni kwenda zake. Alisimama. Akarudi. Akagonga ukuta wa upande wa pili, ule unaopakana na jirani, akagonga tena, akatega sikio.

"Huu u hai," akasema. "Chumba kikae upande huu, kiwe kidogo, nusu ya kile, na boriti zake ziingie ukuta huu. Lakini ukuta huu si wako peke yako."

Akaondoka kabla ya magharibi. Kazi yake yote ilikuwa alasiri moja.

Na ukuta ule ulikuwa wa shirika na Bwana Fumo. Hapo Bi Tima alikaa tena kitako. Bwana Fumo hakusema na nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja. Siku ya Idi, zamani, mlizamu wa Bwana Shee ulimmwagia maji ya mvua Bwana Fumo naye amevaa kanzu mpya, na Bwana Shee, Mungu amrehemu, alicheka kabla ya kuomba radhi. Kwa kicheko kile, miaka kumi na mmoja. Na katika mji huo huingizi boriti katika ukuta wa shirika bila idhini ya mwenzako mbele ya mashahidi. Ukiingiza, huja akaichomoa, na kadhi humshukuru.

Bi Tima akachoka, akashona. Kisha akaenda kumwita Bi Mwanatumu, mjuzi wa mipaka, mama mtu mzima aliyejua kila ukuta wa mji ni wa nani na ulirithiwaje.

"Hodi."

"Karibu, dada. Kilemba ni chako."

Mara ya tatu. Mimi nikifika hapa huwa natamani kumziba mdomo.

"Tuyaache hayo, mwenzangu. Kazi kwanza."

Bi Mwanatumu alikwenda barazani kwa Bwana Fumo asubuhi thelathini. Nasema thelathini, na magoti yake hayakuwa mazuri kuliko yangu. Siku ya kwanza alizungumzia goti la Bwana Fumo. Siku ya pili alileta mafuta ya kulichua. Siku ya saba walizungumzia mbuzi wake. Siku ya kumi na tano walimzungumzia marehemu mkewe, naye Bwana Fumo alitazama pembeni muda mrefu. Ukuta haukutajwa. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, ila humtoa taratibu.

Siku ya thelathini Bwana Fumo alisema, "Bi Mwanatumu, wewe hukuja kwa ajili ya goti langu."

"Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa ajili ya ukuta."

"Ndiyo, bwana."

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ungekataa."

Bwana Fumo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Idi ile. "Waite mashahidi," akasema. "Boriti zao ziingie ukutani kwangu. Lakini dirisha lisielekee uani kwangu. Upande wangu pawe ukuta mtupu."

Na upande wake ndio ulikuwa upande wa upepo. Bi Mwanatumu alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Tumekubali."

Basi. Chumba sasa kina mahali, kina ukuta wa kukichukua, kina idhini. Ni kidogo, hakina dirisha la upepo, lakini ni chumba. Waashi wanne waliitwa. Mawe yakaja, chokaa ikaja, boriti zikaja zikaegemezwa ukutani hapo darini. Mwezi wa Rajabu ukafika siku ya ishirini na tisa, na jioni hiyo watu wangepanda kwenye madari kuutafuta mwezi wa Shaaban. Dari ya tatu kutoka pale ni ya Bi Mize. Alikuwa ameshatandika mkeka wake tangu adhuhuri, na kutoka pale alipokaa aliweza kuona mbingu, na aliweza kuona dari ya Bi Tima.

Alasiri ile Bi Tima alitoa kilemba sandukuni. Kilinukia udi, na kwa mbali kilinukia Bwana Shee. Akapanda nacho juu ili akifunge kwenye boriti.

Akamkuta Fundi Shekuwe, kichwa wazi. Akamkuta Athmani Kombo, kichwa wazi. Akamkuta Bi Mwanatumu, ameshusha ushungi wake mabegani. Wote watatu wamesimama mbele ya boriti ileile, na kila mmoja anawashangaa wenzake.

"Hawa wamekuja kushuhudia?" akauliza Fundi Shekuwe.

"Nimekuja kuchukua ada yangu," akasema Athmani Kombo.

"Na mimi yangu," akasema Bi Mwanatumu.

Wote wakamgeukia Bi Tima. Naye akasimama na hariri yake mikononi, akasema kweli, kwani hakuwa na nguvu ya kitu kingine. "Nilimwambia kila mmoja kuwa ni chake. Nilisema kwa adabu. Nisameheni. Sikujua namna nyingine ya kuwakaribisha."

"Ahadi ni deni, mama," akasema Athmani Kombo.

"Ni deni," wakasema wale wawili.

Waashi wakakaa juu ya mawe. Wanazijua siku za namna hii.

Akaanza Fundi Shekuwe. "Sikilizeni. Kabla yangu mimi hapa palikuwa na nini? Palikuwa na dari tupu na binti aliyekata tamaa. Nani alimwambia kuna kitanda, kuna mlango, kuna asubuhi? Mimi. Nimefanya kazi siku nane. Hawa wawili wamekuja kukiguguna chumba nilichokizaa mimi. Asingekuwapo mzazi, wangekuwapo wauguzi? Kilemba ni changu."

Akasema Athmani Kombo. "Chumba chako kiko wapi? Kilipita kwenye mlizamu. Mwulizeni alichora juu ya nini. Ukuta wa kibla una ufa unaoingia kidole, nao umepanda mpaka hapa darini. Mimi niliuona umefunikwa na makaa. Huyu aliuona ufa, akapitisha mstari wake juu yake."

Fundi Shekuwe akageukia upande wa kibla. Kisha akasema, sauti yake imeshuka, "Niliuona. Ilikuwa siku ya tano. Binti alikuwa anacheka. Nikajiambia nitasema kesho."

"Kesho!" akasema Athmani Kombo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu alitaka kujenga ghorofa. Mimi nimesema neno moja, na kwa neno moja watu hawatakufa. Mnanipimia kwa saa? Nipimieni kwa roho za watu. Kilemba ni changu."

Akasema Bi Mwanatumu. "Athmani, njia yako ya kwenda sokoni ni ipi?"

"Ni hii ya hapa chini."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi."

"Na ukuta ule umekufa tangu lini?"

Athmani Kombo akahesabu vidoleni. "Miaka sita," akasema. "Saba."

"Umepita chini ya ukuta mfu miaka saba, na ndani mjane na mwanawe wanalala mgongo wa ukuta uleule, na hukubisha hodi."

"Sikuitwa," akasema Athmani Kombo. "Mjuzi hasemi asipoitwa. Nikiingia kila nyumba kusema ukuta wenu mbovu, nitaitwa mchawi, na watoto wangu watakula nini?" Lakini alikuwa anatazama chini.

"Basi mimi niliitwa, nikaenda," akasema Bi Mwanatumu. "Asubuhi thelathini. Mchoro bila mahali ni masizi. Ukuta bila idhini ni wa mwenyewe. Mimi ndiye niliyeleta mahali na idhini, na zaidi ya hayo nimeleta salamu kutoka nyumba ambayo haikutoa salamu miaka kumi na mmoja. Kilemba ni changu."

Hapo Mwanaheri, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, akasema kwa mara ya kwanza alasiri ile. "Bi Mwanatumu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Dirisha langu ulilitoa wewe?"

Bi Mwanatumu akaitikia kwa kichwa.

"Hukuniuliza," akasema Mwanaheri. "Nitalala humo mimi, nitazaa humo mimi. Fundi Shekuwe aliniuliza hata jua lipite wapi."

Bi Mwanatumu akavuta ushungi wake mbele kidogo. "Ilikuwa siku ya thelathini, mwanangu," akasema. "Ningebishana, labda siku ya arobaini ningelipata. Lakini nilikuwa nimechoka. Sikuwa na siku kumi nyingine miguuni mwangu."

Basi mmesikia. Mmoja aliumba chumba, akaficha ufa. Mmoja aliokoa roho, naye alikaa kimya miaka saba akingoja kuitwa. Mmoja alileta idhini na salamu, akauza upepo wa mwenziwe bila kumuuliza. Na kila mmoja aliahidiwa. Wakaanza upya, na safari hii wote kwa pamoja. "Mimi siku nane!" "Mimi neno moja!" "Mimi asubuhi thelathini!" Jua likazidi kushuka. Mwashi mmoja akasema kwa adabu kwamba kilemba kikatwe, akazomewa na wenzake wote, na Mwanaheri akageuka rangi.

Mnamtazama Bi Tima? Wao hawakumtazama. Alikuwa amesimama katikati yao tangu alasiri, hariri mikononi, akigeuza kichwa kwa kila asemaye. Miaka mitatu ya kushona taa ikiwaka, ya wali wa wajuzi, ya kungoja, ya kutabasamu kwa Bi Mize, yote ikamshukia pamoja. Akasema, bila kupaza sauti:

"Jamani, mimi nimechoka. Amueni nyinyi. Nikiamka niikute boriti juu."

Akakikunja kilemba mara nne. Akakiweka sakafuni, palepale palipokuwa na kitanda cha makaa. Akajilaza ubavu, akaweka kichwa juu ya hariri ya mumewe, akalala.

Alilala kweli. Si usingizi wa kujisingizia. Kinywa kilifunguka kidogo, mikono iliyotobolewa na sindano ikalegea kifuani, na ile mikunjo ya kipaji cha uso, ambayo Mwanaheri alidhani mama yake amezaliwa nayo, ikatoweka. Mwanaheri akapanda ngazi mbili za mwisho, akasimama kichwani pa mama yake, akaweka kidole mdomoni.

Wale watatu wakanyamaza. Sasa kila mmoja aliona jambo lenyewe lilivyo. Anayetaka ada yake ainame, akivute kilemba chini ya kichwa cha mwanamke huyu, amwamshe. Asipokivuta, kilemba hakina mwenyewe. Kilemba kisipopata mwenyewe, boriti haipandi. Boriti isipopanda, Lali anakwenda kwingine, na mama huyu ataamka akute alishona bure.

Fundi Shekuwe akanyoosha mkono, akaurudisha. Athmani Kombo akapiga goti moja, akabaki hivyo. Bi Mwanatumu akalia bila sauti. Kila mmoja aliweza kusema, "Mpeni mwenzangu," na mambo yangekwisha. Hakuna aliyesema, kwa kuwa kila mmoja kwao alikuwa na watu wanaongoja, na kwa kuwa kila mmoja, nami siwezi kuwakatalia, aliifanya kazi kweli.

Dari ya tatu, Bi Mize amesimama, kiganja juu ya macho. Anatazama magharibi, kisha anatazama huku. Waashi wameshika kamba. Mwanaheri hajaondoa kidole mdomoni, anawatazama watatu hawa, jicho moja baada ya jingine, na hasemi kitu. Naye yupo hapo mpaka leo, maana kila niisimuliapo hadithi hii nimewaacha watu wanabishana, nikaenda kulala, na sikuwahi kuletewa jibu.

Kwa hiyo semeni upesi, jua halitungoji. Wewe wa ukutani, uliyekuwa unasinzia, anza wewe. Fundi Shekuwe, Athmani Kombo, Bi Mwanatumu: je, nani alistahili kukivuta kilemba kile chini ya kichwa cha Bi Tima?